Mji Alioutoa Baba

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1960, hapo kwetu Vitongoji, dada yangu Mize alipoteza mchumba na baba yangu akapoteza rafiki. Nikiukumbuka msimu ule, kinachonijia kwanza ni harufu ya karafuu zilizoingizwa ndani kabla hazijakauka. Karafuu kavu hunukia vizuri na kila mgeni huzisifu. Lakini karafuu mbichi zilizolundikwa chumbani wakati wa mvua zina harufu nzito inayokaa kooni, ikaingia kwenye nguo, kwenye uji, mpaka kwenye nywele. Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa kuondoka, na nyumba yetu ilinuka hivyo kwa wiki nyingi.

Baba yangu, Mzee Kombo, alikuwa mkulima mwenye mikarafuu michache na kishamba cha muhogo. Rafiki yake alikuwa fundi cherehani, jirani yetu, ambaye sisi watoto tulimwita Ami Shaame. Baada ya sala ya alasiri walikaa kwenye baraza ya nyumba yetu, birika la kahawa katikati, wakaulizana mambo. Mchezo wenyewe waliuchukua kwetu watoto. Sisi tulitega vitendawili, na aliyeshindwa alidaiwa mji. "Nipe mji," anaambiwa, naye hujibu, "Chukua Mkoani," ndipo mwenziwe huenda Mkoani kwa maneno, akala akashiba, akarudi na jibu. Wao waliulizana asili: asili ya maneno, ya desturi, ya magofu. Neno gereza limetoka wapi? Limetoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa jina la nyumba ya kusalia, si ya kufungia watu. Na leso? Hilo nalo la Wareno, kitambaa cha mkononi, mpaka wanawake wa pwani walipoviunga vitambaa hivyo wakapata vazi. Kwa nini kisima cha kwenye magofu ya Pujini kinasemwa kilikuwa na ukuta katikati? Kwa sababu bwana wa pale alikuwa na wake wawili wasioonana, kila mmoja akateka maji upande wake bila kumwona mwenziwe. Baba alipenda sana ya kisima. Ami Shaame alisema ni uongo wa wanaume wenye mke mmoja.

Mimi nilikuwa nikisoma darasa la pili na niliruhusiwa kujibu kama mtu mzima. Nilipokosea, Ami Shaame hakunionea huruma. "Huyu mwalimu wake ni mbuzi," alisema, "na mbuzi mwenyewe mtoro." Nilicheka kuliko wote. Nilimpenda Ami Shaame, na ni lazima niliseme hili mapema, maana nisiposema, yaliyofuata yataonekana madogo.

Ni yeye aliyebadilisha kanuni ya mchezo. Siku moja baba alishindwa akampa mji wa Mgogoni, naye akaukataa. "Mgogoni nitaifanyia nini, yakhe? Siwezi kuikata suruali. Nipe mji wa kwenu." Tangu hapo, aliyeshindwa alitoa habari ya ukoo wake ambayo mwenziwe hajapata kuisikia. Ami Shaame alitoa ya mjomba wake aliyejificha ndani ya pipa siku ya harusi yake, akapatwa na usingizi humo. Baba alitoa ya babu mzaa mama aliyempeleka punda kwa mganga. Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Waliahidiana kwamba ya pale hayavuki barabara, nami niliambiwa hivyo hivyo, nikaapa.

Mwaka ule ule watu wa Mgogoni walileta posa ya dada Mize. Kijana alikuwa mpole, mwenye kwao, na dada alimwona mara moja kwenye harusi akamridhia. Alianza kumshonea kofia ya vitundu, ile kazi ya sindano inayotaka macho na subira, akakaa nayo dirishani mchana kutwa, akiimba kwa sauti ya chini ili mama asisikie kwamba amefurahi. Kwetu posa haijibiwi siku moja. Upande wa mwanamume hutuma mtu apite kwa majirani kimya kimya, aulize watu hawa ni nani na wametoka wapi. Nyakati zile swali hilo lilikuwa limekuwa kali. Zilikuwa zama za siasa. Watu walioishi pamoja miaka yote walianza kuulizana asili hata dukani, na karibu kila nyumba ilidai imetoka Shirazi, huko Uajemi. Baba hakuwahi kudai hivyo. Lakini waliomhesabu katika hao hakuwasahihisha, na mimi sitasema kwamba aliwasahihisha.

Alasiri moja mvua ilianguka ghafla, karafuu zetu zikiwa zimeanikwa uani. Ami Shaame aliacha cherehani yake akaja mbio kutusaidia kukunja majamvi na kuyaburura ndani. Tulipomaliza tulikuwa tumelowa sote. Wengine waliozoea kupita barazani hawakuja siku ile. Tulikuwa baba, Ami Shaame na mimi, tumekaa mlangoni katikati ya marundo ya karafuu. Mama na dada walikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, mvua ikipiga makuti.

"Mchezo wetu wa ng'ombe," Ami Shaame aliuliza, "huu wa kumchokoza fahali kwa kitambaa, nani alituletea?"

"Waarabu," baba alijibu.

"Umeshindwa. Wareno. Waarabu wana akili zao, hawamfuati fahali. Nipe mji."

Baba angeweza kutoa habari yoyote, ya punda mwingine, ya shangazi mwenye wivu. Sijui kwa nini alitoa ile. Labda ni kwa sababu mtu aliyekaa mbele yake alikuwa amelowa kwa ajili ya karafuu zetu. Alisema kwamba bibi yake mzaa baba aliitwa Faida, na kwamba jina hilo halikuwa lake. Alipewa na aliyemnunua. Aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akavushwa kuja Pemba kuchuma karafuu za watu. Jina lake la kwao alimwambia baba peke yake, siku moja wakipukuchua mahindi, akamwomba asilisahau. Baba alilihifadhi, na hata siku ile hakulitaja.

Ami Shaame hakucheka. Alimshika baba goti akasema, "Huu ni mji mkubwa, Kombo. Nitautunza." Nilisikia kwa masikio yangu.

Mwezi wa Rajabu ulipoingia, alikuja mjomba wa kijana kutoka Mgogoni. Alikaa ukingoni mwa baraza, akakataa kahawa, akasema wameona wasubiri. Baba aliuliza wasubiri nini. Yule mtu aliangalia chini, akasema kwa heshima kabisa, "Mzee Kombo, tumeambiwa mlikotoka. Sisi hatuna neno nanyi. Ila wazee wetu wamesema hatukulingana." Kisha akaomba ruhusa akaondoka. Dada alikuwa nyuma ya mlango, kofia mkononi, sindano bado imechomekwa.

Baba aliniita chumbani. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. "Tulikuwa watatu," alisema. "Nakuuliza mara moja. Wewe ulisema?" Nilisema hapana. Alinitazama kwa muda mrefu, na katika muda ule niliona kwamba angependa niwe mimi. Mtoto angesamehewa. Mtoto hajui.

Tulikwenda pamoja kwa fundi. Alikuwa akikata kitambaa, na alipotuona aliweka mkasi chini. Baba hakuwa na haja ya kuuliza.

"Walikuja hapa, Kombo," Ami Shaame alisema. "Waliniuliza kwa Mungu. Ningesemaje? Ungetaka niseme uongo?"

"Hapana."

"Basi nimesema kweli tu. Wala sikuongeza."

"Ungewaambia wende wakamuulize mwenyewe," baba alisema. "Ningewajibu."

Ami Shaame aliokota mkasi, akaushika bila kukata. Sisi tulirudi nyumbani. Baba aliukunja mkeka wa barazani, akauegemeza ukutani, na alasiri hawakukaa tena pale kuulizana. Walisalimiana msikitini kama kawaida, na siku za Idi walipeana mikono. Kahawa hawakunywa tena pamoja mpaka baba alipofariki. Dada aliimaliza ile kofia akampa baba, naye aliivaa mpaka ikachakaa.

Siku hizi redio huuliza maswali kama yale yale. Neno hili limetoka wapi, mji ule nani aliujenga, na vijana hupiga simu kutoka kila pembe wakashinda fulana na vocha. Wajukuu zangu hujibu vizuri kuliko sisi. Nawasikiliza na kufurahi nao, lakini huona kwamba hakuna anayetoa kitu chake. Anayeshindwa huagwa kwa muziki. Pengine ni salama zaidi hivyo. Mimi nilijifunza udogoni kwamba habari ya kweli inaweza kumdhulumu mtu vibaya kuliko uongo, kwa sababu dhidi ya uongo baba angeweza kusimama akaapa. Dhidi ya kweli alikunja mkeka. Na tangu siku ile, mtu akiniambia siri yake, namkatiza kabla hajamaliza. Marafiki wamenilaumu kwa hilo, na wana haki.

Dada Mize aliolewa baadaye na mchukuzi wa bandarini Mkoani, akazaa, akafiwa na mumewe, akarudi kukaa nami Vitongoji. Tulikuwa wazee tayari bintiye Ami Shaame alipokuja kutuambia kwamba baba yake hali yake si nzuri na anamwita Bi Mize. Nilimsindikiza. Ami Shaame alikuwa amelala, mdogo kama mtoto, shuka imemtoka miguuni.

"Mize, mwanangu," alisema, "nataka radhi."

"Ya nini, Ami?" dada aliuliza. Alijua. Alitaka kumsikia.

"Ya maneno niliyowaambia watu wa Mgogoni."

"Yangu nimekusamehe zamani. Nilipata mume na watoto. Ya baba sinayo, Ami. Hakuniachia."

Ami Shaame alipumua. "Kombo alisema nini juu yangu, kabla ya kufa?"

"Hakukutaja," dada alisema.

Mzee alifumba macho. Dada aliivuta shuka akamfunika miguu, akavaa viatu vyake mlangoni, tukaondoka.