Ardhi ya Mama Yake Osla

Asubuhi ile Osla, mke wangu, alinigombeza kwa sababu ya ng'ombe.

"Manse, amekula kabeji tena. Lango hulifungi, au umemwoa yeye?"

"Yeye hana kelele."

Akacheka, akachukua kikapu, akashuka pwani kutafuta chambo. Maji yalikuwa yamepwa sana. Ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Ardhi ilikuwa yake. Aliirithi kwa mama yake, toka kilimani mpaka yanapoishia maji ya kupwa. Hapa kwenye visiwa vya Shetlandi ardhi ya namna hiyo haina bwana juu yake. Hati pia haina. Majirani wanajua, basi.

Osla akiwa bado pwani, akaja Androu, karani wa bwana mmoja mkubwa aliyetoka Uskoti kujitwalia ardhi visiwani kwetu. Alikuwa na hati.

"Inasemaje?" nikamwuliza.

"Kwamba ardhi ni yenu, mzee. Bila karatasi, kesho mtu atawanyang'anya."

Niliogopa. Nikashika kalamu, nikachora msalaba badala ya sahihi, maana sijui kuandika.

Osla aliporudi nilimwonyesha ile hati kwa furaha. Akaipeleka kwa kasisi atusomee.

"Bwana anawapa ardhi hii," kasisi akasoma, "nanyi mtamtumikia."

"Anatupa?" Osla akaniangalia. "Wewe Manse, ameitoa wapi?"

Kiangazi hicho tukaanza kumkatia bwana udongo wa kuchoma, ule tunaowashia moto badala ya kuni, siku sita. Mwani wa pwani yetu wenyewe, mpaka tuombe. Osla hakuomba. Majira ya baridi yalipofika, mwezi wa Februari, akaenda kwa hakimu, siku mbili kwa miguu katika theluji. Hakimu akataka karatasi. Karatasi ilikuwa moja tu, yenye msalaba wangu.

Alirudi na homa ya kifua. Siku ya tisa Androu akaja mpaka kitandani. Akasema ardhi ni ya Osla, kwa hiyo yeye naye akichora msalaba, bwana atatuachia nyumba mpaka tufe. Nikaushika mkono wa Osla. Nilitaka achore, na nilimwambia.

Hakuchora. Kesho yake alikufa. Sasa nakaa kwa dada yangu, na nyumbani kwetu wanalala kondoo wa bwana.

Lakini siku ile Androu alipokuja kitandani, Osla aliutoa mkono wake mkononi mwangu, akamwambia Androu maneno haya, sikuongeza wala kupunguza:

"Aliyenipa ardhi hii ni mama. Bwana wako akitaka nimshukuru yeye, aseme alikuwa wapi siku mama aliponitembeza mipakani."