Samaki ya Zacharie na Tumbo ya Shemeki

“Miaka kumi na tisa!” Berthe alisema, mikono mu kiuno, na sauti ya kufika mpaka ku parcelle ya jirani ya tatu. “Miaka kumi na tisa niko mu hii nyumba, na hata mukia moja ya samaki haiyapita mu sufuria yangu!”

Ilikuwa bongo, uongo mutupu. Mwezi iliyopita tu alikula mbili za ku soko, na akalamba vidole. Mais bwana yake, Zacharie, hakuinua hata kichwa. Alikuwa amekaa ku kiti ya mashini yake ya kushona, jogoo mu mapaja, anachagua manyoya ya shingo moja moja juu ya ndobo yake ya kuvua samaki, sawa mama mwenye anatafuta chawa mu kichwa ya mutoto. Jogoo ilifunga macho. Ilishazoea.

“Leo Kasonia anafika,” Berthe akaendelea. “Kaka yangu mukubwa! Unakumbuka Pasaka? Ulimulisha maharage. Akarudia kwake Beni, na mutaa yote ya Bungulu ikajua kama dada yake aliolewa na mutu ya maharage. Leo atakula nini? Jogoo hapana kuchinja, juu ya manyoya. Samaki unakamata hapana kuleta, juu eti iko na mayai. Donc atakula nini, Zacharie? Nyuzi?”

“Ku soko…”

“Ku soko! Basoda na bunduki zao bamefunga barabara ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, hii ni wiki ya tatu. Samaki ya ziwa, hata harufu haifike.”

Zacharie aliachilia jogoo. “Mama Bénite,” akasema, juu Bénite ni binti yao ya kwanza, na vile njo alimuita kama mambo iko nguvu, “leo nitaleta samaki. Mukubwa.”

“Apa.”

“Kweli ya Mungu.”

Berthe akaenda kununua mafuta ya mawese.

Huyu Zacharie, batu ba mutaa yake ya Mususa balimujua kwa mambo mbili: mifuko ya suruali alishona haipasuke, na samaki alikamata anazirudisha ku maji. Kwa ile ya kwanza balimusifu. Kwa ile ya pili balisema kichwa yake iko na upepo.

Ile ugonjwa aliipata mu utoto. Alikuwa anabeba kikapo ya muzungu mumoja ya shamba ya quinquina, ile miti ya dawa ya malaria, mwenye kila siku ya Mungu, badala ya misa, alienda ku muto kuvua samaki na fimbo. Siku bazungu balinyanganywa mashamba, ule muzee akaondoka na valise moja. Batu bakagawanya bintu ya nyumba. Mumoja akapata kitanda, mwingine frigo. Baba ya Zacharie alichelewa, akapata fimbo: vipande vitatu vya bambou, bamegundisha muzuri, vinaingiana. Bakamucheka mpaka bakakaa chini. Ile frigo ilikufa mbele ya wiki kuisha. Fimbo ingali inafanya kazi.

Kamba ya zamani ilioza, Zacharie akajisukia ingine na nyuzi za kushona: kumi na mbili katikati, sita mbele, tatu ku ncha, halafu anaipaka mishumaa yenye sacristain, mutunzaji ya kanisa, alikuwa anamubakizia, juu ielee ku maji. Batu balimuambia, chukua nylon tu kama ya bavuvi ba ziwa. Alikatala. “Ndobo yangu ni kipande ya manyoya, haina uzito,” alisema. “Haiwezi kujitupa yenyewe. Ni kamba njo unatupa, ndobo inafuata sawa mutoto nyuma ya mama yake.” Na ile kamwiba kadogo ya ndobo, yenye inazuia samaki kutoka, alikuwa anaikandamiza na pinsi ya kubania mpaka inalala. Juu ya nini? Juu samaki yenye utarudisha, haifai kwenda na kinywa ya kupasuka.

Halafu vita ikakuya, na basoda ba kila mouvement ya baasi, na mouvement zilikuwa mingi kuliko madirisha ya kanisa, bakavua na grenade. Boum! Mukubwa, mudogo, mayai, vyote tumbo juu. Banachukua kumi, mia inaoza. Ilibakia shimo moja tu ya maji mu muto, nyuma ya vilima, chini ya jiwe kubwa, fasi soda hapana kujua. Pale njo samaki ya ndevu balikimbilia, sawa bakimbizi bengine bote. Zacharie alibahesabu: zilikuwa kama sita hivi, zenye zinaweza kuzaa.

Kasonia alifika saa ine asubui, na tumbo mbele. Muchuuzi ya mbao, mutu mukubwa ya Bungulu, na tangu miaka mbili alikuwa Mprotestanti, lakini ile ya nguvu. Berthe akamuambia hata mbele ya kumupatia kiti: “Bwana yangu ameapa samaki leo!”

“Ameapa?” Kasonia akacheka. “Basi naenda naye. Nataka kuona na macho.”

Ku barrière ya barabara, soda mumoja akafungua mufuko ya Zacharie, akaona vile vipande vitatu vya fimbo.

“Papa, hii antenne ni ya radio phonie gani? Unaongea na nani?”

“Na samaki, chef.”

“Na banajibu nini?”

“Mara mingi bananyamaza.”

Soda akacheka mpaka bunduki ikateleza ku bega, akabaachilia. Ni Kasonia njo alitoka jasho, yeye mwenye alikuwa na makaratasi yote mu mufuko.

Ku muto, Kasonia akasema fimbo haiwezi kumushinda yeye, mutu anapasua miti ya pori. Zacharie akamupatia.

“Shemeki, hapana na nguvu. Hii haiko jembe. Unainua ukisema ‘Salamu’. Unangoja na ‘Maria’, kamba inajinyoosha nyuma. Unapeleka na ‘umejaa neema’. Mukono ikomee hapa, karibu ya sikio.”

“Mimi ni Mprotestanti. Maria simusalimie na fimbo.”

“Tafuta basi neno yako, mais iwe ndefu.”

Kasonia akawaza kidogo, akainua. “Amina!” Kamba haijafika nyuma, yeye ameshaipeleka mbele. Ikalia paa! sawa fimbo ya muchungaji ya ngombe, na ndobo ikakatika ikapotea. Zacharie akafunga ingine. “Amina!” Hii mara ndobo ikakamata kofia yake mwenyewe, ikairusha katikati ya maji. Zacharie akaivuta polepole mpaka ku majani. Ile kofia njo ilikuwa samaki ya kwanza ya siku.

“Neno yako ni fupi sana, shemeki,” Zacharie akasema na upole.

Halafu akachukua fimbo. Salamu. Maria… kamba ikapita juu ya kichwa yake sawa uzi mu sindano. Umejaa neema. Manyoya ikashuka mbele ya jiwe bila kupiga maji, sawa kadudu kenye kamechoka. Mara ya tatu, maji ikafunguka, samaki ikauma.

Akapigana nayo, hapana murefu, juu alijua samaki ikichoka sana, hata ukiirudisha, inakufa nyuma ya mugongo yako. Ikafika ku miguu yake: murefu sawa mukono, rangi ya shaba, ndevu ine, na tumbo imejaa. Zacharie akalowesha mikono kwanza, juu mikono kavu inaondosha ule utelezi yake, na ule ni nguo yake. Akaigusa chini ya tumbo. Mayai mbili tatu zikatoka, ndogo sawa bulo, ile mbegu ya ulezi.

“Eeeh!” Kasonia alikuwa ameshaingia mu maji na viatu. “Hii! Na pilipili, na ndimu! Leo nakuomba musamaha juu ya ile maharage, shemeki. Lete.”

Zacharie aliishika mu maji, kichwa inaangalia mbele, fasi maji inatoka.

“Unaiosha?”

“Naipatia pumuzi.”

“Pumuzi ya nini, na inaenda mu mafuta?”

Zacharie akaendelea kuishika. Aliwaza Berthe, na mafuta yenye bila shaka ilikuwa imeshapata moto, na ile kweli ya Mungu yake ya asubui. Alihesabu tena ile sita. Ukiondosha moja na mayai yake yote, inabakia ngapi, na mwaka ijayo? Mu mikono yake samaki ilifungua mashavu, ikafunga, ikafungua. Ikapiga mukia moja.

Akafungua vidole.

Kasonia alilalamika kelele yenye kama basoda balikuwa karibu, bangelala chini. “Zacharie! Imeenda! Umeiachilia! Niliona, umeiachilia na kusudi!” Akaingiza mikono mu maji mpaka mabega, akatoka na matope. “Nilitoka Beni! Nilipita barrière sita! Mimi na ile samaki, nani njo mugeni wako?”

Zacharie alikuwa anapangusa fimbo na kitambaa, kipande kwa kipande. Uso yake ilikuwa ya mutu mwenye ametoka kula.

“Na dada yangu? Anangojea na sufuria ku moto! Tutamuambia nini Berthe? Mimi sitasema bongo, mimi nimeokoka! Zacharie! Tutamuambia nini?”

Zacharie akatia mufuko ku bega, akaokota viatu vyake, na akashika njia ya kilima ya kurudia nyumbani, miguu wazi, anaimba mu pua.