Karani wa Namba Kaidi

Bernardo Gregori alizaliwa mwaka 1936 katika kambi ya shamba moja la mkonge karibu na Hale, mstari wa nne, chumba cha saba. Nataja chumba kwa sababu yeye mwenyewe alikitaja kila alipoulizwa kwao ni wapi. Mzigua akiulizwa hivyo hutaja ukoo, Mshambaa hutaja mlima. Mtoto wa kambi alitaja mstari na chumba, na muulizaji akaelewa kwamba hakuna haja ya kuendelea. Baba yake alitoka Msumbiji kwa miguu kuja kukata mkonge miaka miwili. Akakaa ishirini na sita, akazikwa nyuma ya kambi, mahali ambapo baadaye palipandwa mkonge.

Misheni ilimfundisha Bernardo kuandika tarakimu zilizosimama wima, na kwa sifa hiyo hakushika panga. Alipotimiza miaka ishirini akafanywa karani wa kuhesabu mizigo. Mkataji alifunga majani thelathini thelathini na kuyapanga kando ya reli ndogo, naye karani alipita kuhakikisha kwamba thelathini ni thelathini. Mtu mwenye akili ya kawaida angehesabu mizigo mitatu na kuiamini iliyobaki. Lakini meneja wa shamba lile hakuwa mtu wa kuamini, na sheria yake ilikuwa moja: karani hakisii. Kila mzigo uguswe jani kwa jani. Ukitiliwa shaka ufunguliwe, upangwe chini safu tano za majani sita sita. Karani aliyekisia alirudishwa kwenye panga. Bernardo hakukisia kitu maishani mwake, na hilo ndilo lililomponza.

Siku moja mwaka 1960 mkataji aitwaye Simeo, mtu wa maneno mengi kuliko majani, alileta mizigo miwili. Mmoja ulikuwa na majani ishirini na tisa, wa pili thelathini na moja.

"Karani, ukijumlisha si sitini?" akauliza Simeo.

"Ni sitini."

"Na mizigo miwili ya halali ina majani mangapi?"

"Sitini."

"Sasa unataka nini tena, ndugu yangu? Mahari?"

Wakataji wakacheka. Bernardo akaikataa mizigo yote miwili kama sheria ilivyotaka, lakini swali akaenda nalo chumbani. Alikuwa ameona jambo pale chini. Majani ishirini na tisa hayakubali kupangwa safu zinazolingana, uyapange mawili mawili, matatu matatu au vyovyote utakavyo. Yanakubali mstari mmoja tu. Thelathini na moja vivyo hivyo. Namba za namna hiyo akaziita wakaidi. Miaka mingi baadaye aliona kitabu cha wizara kikiziita namba tasa, akaona wizara imekuwa kali bila sababu.

Ila katikati ya wakaidi wale wawili ilikaa thelathini, namba inayokubali karibu kila upangaji. Akajaribu wakaidi wengine wanaofuatana. Saba na kumi na moja: jumla kumi na nane, nusu yake tisa, na tisa inapangika tatu tatu. Kumi na tatu na kumi na saba: thelathini, nusu kumi na tano, inapangika. Ishirini na tatu na ishirini na tisa: hamsini na mbili, nusu ishirini na sita, inapangika. Mbili na tatu aliwaacha nje, maana jumla yao ni tano na tano haina nusu. Wengine wote walitii. Wakaidi wawili majirani wakijumlishwa, kisha jumla ikagawanywa nusu kwa nusu, nusu hiyo haikuwa kaidi hata mara moja.

Huenda wapo waliowahi kuwaza hivyo kabla yake. Walikuwepo, tena wengi, ila habari haikuwa imefika Hale.

Je, ilikuwa hivyo daima? Mwingine angekaa akawaza. Bernardo alinunua daftari. Sheria ilijulikana: kila mzigo uguswe. Siku ya Uhuru shamba lilichinja ng'ombe wawili. Akala, akapiga makofi panapostahili, akarudi chumbani kujumlisha 199 na 211. Nusu ikawa 205, yaani tano mara arobaini na moja. Taifa na orodha vyote vilikuwa salama.

Mwaka 1964 alikuwa na mchumba, Grasiana, msichana wa kambi ile ile. Alimwonyesha daftari la tatu.

"Zinaliwa hizi?" akauliza Grasiana.

"Hapana."

"Zinavaliwa?"

Bernardo alifikiri kwa uaminifu. "Hapana."

Grasiana akaolewa na fundi wa kituo cha umeme, mwenye nyumba ya kazini yenye taa. Bernardo alihudhuria harusi, akazisifu taa.

Mwaka 1967 mashamba ya mkonge yakawa mali ya umma, na mzigo ukabaki majani thelathini. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, upande wao ukafungwa, na Bernardo akapanda basi hadi Korogwe na lori hadi Handeni. Alikuwa na sanduku la nguo na sanduku la madaftari, la pili zito kuliko la kwanza. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kinatafuta mtu anayejua kuandika. Kiliitwa Juhudi, kama vijiji vingine kadhaa vilivyoanzishwa mwezi ule.

Watu wa Juhudi walikuwa Wazigua na walimpokea vizuri. Walimpa shamba, nyumba, na kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima saa za alasiri. Walimsalimu kila asubuhi. Hakuna aliyeingia ndani mwake, kwa kuwa hakumkaribisha mtu, na hakumkaribisha mtu kwa kuwa kambini vyumba havikuwa na nafasi ya mgeni, akakua bila kuijua desturi hiyo.

Alichokuwa nacho ni mpango. Angefika namba elfu kumi, kisha angeandika barua kwa wataalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Jozi moja tu ingeharibika, miaka yote ingekuwa takataka. Isipoharibika hata moja, mtu fulani mwenye miwani angesoma barua ile, angeshika kalamu, angemjibu. Bernardo alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na hakuna mtu aliyewahi kumwandikia barua. Mwaka 1974 alikuwa amefika 7,919 na 7,927. Jozi mia tisa tisini na tisa, zote safi.

Mwaka huo huo operesheni ya kuhamia vijijini ikamleta Bi Mwaija. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyeishi mwendo wa saa moja porini bila jirani wala hamu ya kuwa naye. Walimpakia kwenye lori pamoja na kuku wake, wakampa nyumba kwenye mstari, nyumba ya tatu kutoka kwa Bernardo. Kwa hasira akajiandikisha kisomo. Alitaka siku moja aisome mwenyewe karatasi iliyomhamisha.

Alasiri moja somo lilikuwa kugawanya mafungu sawa kwa punje za mahindi. Bernardo akawapa punje saba, wapange safu zinazolingana. Wakahangaika.

"Hizi ni kama mabinti wa Kibwana," akasema Mzee Mhina, ambaye kwa kawaida alilala hadi mwisho wa kipindi. "Kila posa wanakataa."

Darasa likacheka, na Bernardo naye akacheka. Labda ni kicheko hicho kilichomlegeza. Akawaeleza kuhusu wakaidi. Akawaeleza kuhusu majirani, jumla na nusu. Jambo ambalo hakumwambia mtu tangu Grasiana, alilimwaga lote mbele ya watu kumi na mmoja na kuku mmoja.

"Nimezijaribu jozi mia tisa tisini na tisa," akamaliza. "Miaka kumi na minne. Nusu haijawahi kuwa mkaidi. Ila bado sijafika mwisho, siwezi kusema kwa hakika."

Bi Mwaija alikuwa amepanga punje saba upande huu na kumi na moja upande ule. Akachukua mbili za kule akazileta huku. Tisa na tisa.

"Mwalimu, nusu yenyewe si ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenye nyingi kapunguza, mwenye chache kaongeza, wamekutana katikati."

"Ndiyo."

"Katikati ya saba na kumi na moja."

"Ndiyo, mama."

"Na umesema hawa ni majirani. Baina yao hakuna mkaidi mwingine."

"Hakuna."

"Basi huyo mkaidi wa katikati angetoka wapi?"

Bernardo akazigusa punje moja moja. Ilikuwa kweli kwa saba na kumi na moja, kweli kwa 7,919 na 7,927, na kweli kwa namba ambazo hajazaliwa wa kuzihesabu. Ilikuwa kweli tangu siku ya Simeo, pale chini kando ya reli.

Mzee Mhina alichelewa kidogo kuelewa, lakini akafika. "Lo! Kumbe mwalimu miaka kumi na minne unabisha hodi kwenye nyumba isiyojengwa!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Bi Mwaija hakucheka. Alimtazama Bernardo kama mtu aliyepiga teke chungu cha mwenzake bila kukiona. Bernardo akasema kipindi kimekwisha, na kwa mara ya kwanza hakufuta ubao.

Nyumbani alifungua madaftari yote. Hakukuta kosa hata moja, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Siku mbili hakwenda kufundisha, mwenyekiti Mwinjuma akaambiwa ni homa. Siku ya tatu, jua likiwa bado juu, Bi Mwaija akasimama mlangoni na mihogo katika ungo.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wanasema una homa."

"Nimepona."

"Nilikukosea, mwalimu?"

"Hapana, mama. Ulipatia."

"Basi mbona unaumwa?"

Bernardo akampa kigoda, kilikuwa kimoja, yeye akabaki amesimama. Daftari lilikuwa wazi mezani. Bi Mwaija, ambaye tarakimu alikuwa amezijua kwa miezi minne, akaliangalia kwa muda.

"Na ukiwajumlisha watatu?"

"Watatu?"

"Majirani watatu wanaofuatana. Jumla yao itakuwaje?"

Hakuwahi kuliwaza. Akainama akaandika. Tatu, tano na saba: kumi na tano, inapangika. Tano, saba na kumi na moja: ishirini na tatu, mkaidi. Saba, kumi na moja na kumi na tatu: thelathini na moja, mkaidi. Kisha arobaini na moja, mkaidi tena. Kisha arobaini na tisa, saba mara saba, inapangika.

"Hawa hawana adabu," akasema Bi Mwaija, akaanza kucheka.

Bernardo aliona pori lisilo na njia, mtu anaweza kutembea humo hadi kufa. Aliona pia kwamba Bi Mwaija ameshasogeza kigoda, na kidole chake kipo juu ya arobaini na tisa, kinatafuta. Jibu alilolingoja kutoka Dar es Salaam lilikuwa limekuja kwa miguu na limeleta mihogo. Lakini chumba cha kambi hakikuwa na nafasi ya mtu wa pili, akalifunga daftari.

"Nitaangalia, mama."

Bi Mwaija akakitoa kidole, akaaga. Kesho yake Bernardo aliurudisha ungo, umeoshwa vizuri, mtupu. Mtoto wa kambi hakujua kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Bi Mwaija aliupokea, akauangalia ndani, akautundika.

Barua ya Dar es Salaam haikuandikwa. Bernardo alirudi kufundisha, na Bi Mwaija akapata cheti chake cha kisomo. Walikutana kila siku kisimani, maana nyumba tatu si umbali.

"Watatu wako wamefika wapi, mwalimu?"

"Bado, mama."

Wakati huo alikuwa amejaza daftari moja na nusu la watatu hao. Akalihifadhi chini ya godoro, ingawa hakuna aliyekuwa anaingia.

Mwaka wa pili Bi Mwaija aliacha kuuliza.