Taa Ilizimwa, Oili Haikumwagwa

Amefariki yule dereva wa Kawangware aliyekuwa akinibebea viatu vyangu vya mitumba. Habari nilizipata kwa mama muuza chai wa Soko la Toi. Aliweka kikombe mbele yangu, kisha akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi wateja wakiwa wengi, akasema, "Rafiki yako Mkamba ameanguka kwenye mjengo. Hakuamka." Nikamuuliza mjengo gani, nyumba gani inayojengwa, kana kwamba jibu lingebadilisha kitu. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua mimi shule niliiacha mapema na kalamu hii niliishika kwa bahati tu, kwa hivyo sina hakika kama nina haki ya kumwandikia mtu tanzia. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana nyumbani. Tulijuana kwa safari, yeye kwenye usukani na mimi pembeni na magunia yangu. Lakini nimesikia mazungumzo mengi matangani, wengine wakisema injini ya gari lake ndiyo iliyomuua, na wengine kwamba fundi wake ndiye aliyemuua, nikaona bora niseme nilichokiona mwenyewe, nisizidishe.

Alikuwa mtu wa Kitui, na gari lake lilikuwa jeupe, dogo, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, la teksi ya kuitwa kwa simu. Halikununuliwa kwa jasho lake peke yake. Mama yake mzazi aliuza shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, lote, ili mwanawe aache kuendesha gari la mtu mwingine. Aliniambia hayo siku ya kwanza kabisa, bila mimi kumuuliza, kama mtu anayejitambulisha kwa jina la baba yake. "Hii gari unaona ni shamba ya mathe. Nimemwambia itamlimia shamba ingine." Kwa hivyo anayesema alikuwa mzembe hakumjua. Alilipangusa vumbi kila aliposimama. Hakukubali nile mahindi ya kuchoma ndani yake. Na kitu alichokipenda kuliko vyote ni ile namba ndogo kwenye dashibodi inayoonyesha maisha ya oili yaliyobaki, kwa asilimia. Alikuwa akinisomea kila nikiingia, jinsi wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. "Sitini na nne, mzee. Damu bado ni ya kijana."

Namba hiyo inatoka wapi? Tulimuuliza fundi wetu wa Sarang'ombe, Mjaluo mmoja mwenye mdomo mkali na mkono mpole, na hapa naandika jinsi nilivyoelewa, mnisahihishe nikikosea. Alisema kwenye magari mengi ya aina ile hakuna ulimi ndani ya injini unaoionja oili. Kompyuta inahesabu tu: injini imezunguka kiasi gani, imepata moto kiasi gani, imetembea umbali gani. Kisha inakisia oili imechoka vipi. Haijui kama oili uliyouziwa ni halisi au ni ile iliyochujwa ikarudishwa mkebeni. Haijui kama imevuja au imeungua ikabaki kidogo. Wala haijui kama imebadilishwa, mpaka mtu aiambie kwa kubonyeza kitufe. Lakini fundi hakuitukana, nami sitaitukana. Alisema ni mkumbushaji mzuri, tena kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Ngong Road injini ikinguruma na kilomita hazisongi, inaweza kumwamsha mapema kuliko kile kikadi cha kilomita ambacho mafundi hukining'iniza kwenye usukani.

"Sasa kama ni nzuri, mbona kila nikija lazima uchomoe hiyo dipstiki?" marehemu alimuuliza, akionyesha kile kijiti cha chuma cha kupimia oili.

"Hiyo skrini inahesabu, haioni. Mwenye kuona ni mimi."

"Wajaluo na oili! Kama samaki na maji."

"Na wewe Mkamba unapenda taa kama nondo. Itakuunguza siku moja."

Tulicheka sote watatu.

Kisa chenyewe kilianza siku namba ilipokuwa imeshuka sana na taa ya manjano yenye umbo la spana ikawaka. Mtu mwingine angemwaga oili kuukuu na kutia mpya. Yeye alikuwa na shida ambayo nadhani wenye magari yao ya nyumbani hawaijui: abiria huiona taa. Mmoja alikuwa amemuuliza kama watafika. Mwingine alishuka kabla hawajaondoka, na kwenye simu akampa nyota mbili. Nilikuwapo alipofika kwa fundi, maana nilikuwa nikisubiri anipeleke sokoni.

"Nizimie hii kitu kwanza."

"Wacha tumwage oili, izimike na heshima yake."

"Leo sina nafasi, nina watu wananingoja. Zima tu, Jumamosi namwaga."

"Buda, kuzima taa si kumwaga oili."

"Najua! Kwani mimi ni mtoto? Hiyo ni ya abiria, si yangu."

Fundi akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwamuzi, kisha akaingiza mkono, akabonyeza na kushikilia. Namba ikaruka. "Haya, mia. Umezaliwa upya." Marehemu akapiga usukani kwa furaha, na ninaapa furaha ile ilikuwa ya kweli, ingawa hakuna hata tone lililobadilika ndani ya injini.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mazishi Kitui, wazee wa kanisa lao wakamwomba awapeleke. Hapo huwezi kumlaumu mtu. Juma lililofuata fundi alikuwa na homa. Halafu kazi ikawa nzuri, na dereva kazi ikiwa nzuri hasimami. Sijui ni siku gani alisahau, na sidhani hata yeye aliijua. Ninachojua ni kwamba baadaye nilimuuliza kwenye mazungumzo tu kama ile oili ilimwagwa. Hakunijibu kwa kukumbuka. Alinijibu kwa kuangalia. Akainamisha kichwa kwenye dashibodi, akasema, "Si uone, sabini na nane. Kama haingekuwa imemwagwa ingesema hivyo?" Na mimi, nikiwa nimesikia kwa masikio yangu namba ile ikipandishwa, niliona jibu lake lina maana. Hivyo ndivyo namba ilivyo na nguvu. Neno la mtu unalipima kwanza, lakini namba unaipokea tu kama chenji ya mtu unayemwamini.

Injini ilikufa tukitoka Kawangware na magunia yangu, karibu na Dagoretti Corner, mchana kweupe. Kwanza iliwaka taa nyingine, nyekundu, yenye umbo la birika. Ile haihesabu siku wala kilomita, inasema hali ya sasa hivi: oili haisukumwi inavyotakiwa. Nilimwonyesha. Akaitazama, kisha akatazama namba, ambayo sasa ilikuwa sabini na moja, akapima kati ya mashahidi wawili. "Hiyo nyekundu ni waya tu," akasema. "Gari ya Japani, mvua ya Nairobi, waya inaloa. Oili iko sawa, si unaona?" Akaendelea kukanyaga. Hatukufika mbali. Sauti ilianza kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, ikawa kama anayeuvunja, halafu kimya. Watu walikuja kulivuta gari mpaka Sarang'ombe. Fundi alichomoa dipstiki, akaipangusa, akairudisha, akaichomoa tena. Ncha ilikuwa na weusi mzito kama lami, kidogo sana. Akawasha swichi, injini haikujibu, lakini skrini iliwaka vizuri: sabini na moja.

"Imenoki, ndugu yangu," fundi akasema, yaani injini imekufa kabisa.

"Lakini inasema sabini na moja."

"Inasema nilichoiambia."

Kununua injini nyingine kulimshinda. Wapo waliotaka wamshike fundi, nami nikawaambia, na narudia hapa, kwamba alikataa kwanza, akaombwa, akatii. Wapo wanaomcheka marehemu, na hao nawaambia alikusudia kumdanganya abiria peke yake. Hakujua kwamba naye ni abiria wa gari lile. Matangani mzee mmoja alisema mficha maradhi kilio humfichua. Sijui. Naona methali hiyo haimtoshi, kwa sababu anayeficha anajua alichoficha. Huyu alificha, kisha akasahau kwamba aliyeficha ni yeye, akaja kuuliza pale pale alipoficha, akajibiwa vizuri. Na sidhani ni yeye peke yake. Kuna mwenye nyumba mtaani kwetu aliyepaka ufa rangi ili wapangaji wasiogope, na sasa anaongeza ghorofa juu ya ukuta ule ule, akikuonyesha kwa kidole kwamba hauna ufa. Kuna shule ndogo inayowarudishia watoto mtihani ule ule mpaka alama zipande, kisha mwalimu mkuu anazitazama alama hizo na kushangaa kwa nini sekondari inawashinda. Natamani ningewaambia kuwa mambo haya yatapungua tukiyaandika. Siamini. Kesho asubuhi, huku mtu akiisoma safu hii, mwingine atakuwa Sarang'ombe akisema, "Nizimie hii kitu kwanza."

Baada ya gari kufa alifanya vibarua vya mjengo, kubeba mawe na kokoto, yeye aliyezoea kukaa. Alikonda. Alianguka asubuhi akipanda ngazi. Kama ni moyo, kama ni njaa, kama ni kitu kilichokuwa ndani yake tangu zamani, mimi si daktari na sitaunganisha kifo chake na injini kwa sababu tu hadithi ingependeza. Tulimzika Lang'ata, kwenye makaburi ya jiji, maana kule kwao hapakuwa tena na udongo wao wa kumlaza. Mama yake alikuja, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Baada ya mazishi aliomba kuliona gari. Lilikuwa juu ya mawe, bila magurudumu, uani kwa fundi. Akaweka kiganja kwenye mlango, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu nani alimwambia mwanawe kwamba gari ni zima. Fundi alikuwa amevua kofia.

"Mama, namba niliirudisha mimi. Aliniomba."

"Na wewe ukakubali."

"Alikuwa anacheka, mama. Alifurahi sana."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali bei asiyoiweza. Kesho yake alipanda basi la Kitui, ambako siku hizi analima kibarua kwa mtu aliyenunua lile shamba lake, kwenye mistari aliyoichimba zamani kwa mikono yake. Wenye magari wananiuliza namba ile iaminiwe kiasi gani. Iamini kama unavyomwamini mtu wa kukukumbusha, na bado uchomoe dipstiki uone kwa macho yako. Lakini siku utakapoidanganya, hata kwa sababu nzuri, hata kwa kicheko, usirudi kuiuliza ukweli. Hilo ndilo somo ninaloliona, na silioni kuwa kubwa. Shamba la mama halirudi kwa somo hilo.