Ng'ombe Wasio Wetu

Mama alianza kuvimba miguu wakati wa palizi ya pamba. Tulidhani ni uchovu wa shamba. Msimu wa kuchuma ulipofika, tumbo nalo lilikuwa limejaa na hakuweza tena kuinama. Zahanati ya serikali ilikuwa bure, lakini mganga alimpima, akatikisa kichwa.

"Mpelekeni hospitali ya misheni," alisema. "Mimi hapa nina vidonge vya malaria tu."

Kule misheni watu walilipa. Asiyejiweza alitibiwa bure, ila sharti aje na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri, kwamba kaya yake haina kipato wala mali ya kuuza.

Sisi hatukuwa na kitu. Pamba ya mwaka ule iliungua na jua. Lakini zizini kwetu kulikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na upande wetu wote wa Bugarama ulijua ni wa baba. Hawakuwa wa baba. Walikuwa wa mjomba wake aliyeishi mbali, karibu na Shinyanga mjini. Sisi tuliwatunza, tukanywa maziwa na kulimia, basi. Baba hakuwahi kumwambia mtu. Kwa ajili ya ng'ombe wale alikaa mbele mikutanoni, na watu walimwita asuluhishe ndoa zao.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikifundisha kisomo cha watu wazima. Nikaenda kwa mwenyekiti peke yangu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu."

Nilipomwomba barua alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Mwanangu, nikiandika kwamba mzee mwenye ng'ombe wote wale hajiwezi, wajane wa hapa watanielewaje?"

"Si wake."

"Hilo aje aniambie mwenyewe."

Jioni nilimweleza baba. Alikuwa anasokota kamba. Hakuniangalia.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli."

"Nitauza mahindi," akasema. Mahindi gani, sikujua. Ghala lilikuwa tupu.

Mama alikuwa ameketi mkekani, amesikia yote. "Mwache baba yako," akaniambia. "Usimvue nguo mbele za watu."

Zikapita wiki tatu. Nilikuwa na hasira hata nikaacha kumwamkia baba, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mama akawa hawezi kulala chini. Alikaa ameegemea ukuta, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Asubuhi moja baba alitoka chumbani amevaa koti lake la mikutano.

"Twende," akasema.

Ofisini tulikuta watu wengi wakisubiri mbegu. Walimpisha kama kawaida, akapita hadi mbele. Alisimama mbele ya meza.

"Ng'ombe wale si wangu. Sijawahi kuwa na ng'ombe hata mmoja. Naomba barua ya mke wangu."

Mwenyekiti aliandika haraka, kichwa ameinamisha, kisha akanipa nimsomee baba, kwa kuwa hakujua kusoma. Nikasoma kwa sauti kwamba kaya yetu haina mali. Baba akaweka dole gumba.

Tulimpeleka mama kwa mkokoteni. Misheni walipokea barua, wakampa kitanda siku hiyohiyo, wakamtoa maji tumboni. Muuguzi aliniuliza uvimbe ulianza lini. Nilipomwambia, alinishika bega, hakuuliza kingine. Mama aliishi siku kumi na moja.

Baada ya msiba mjomba wa baba aliwaondoa ng'ombe wake. Sikumlaumu. Watu waliendelea kumwamkia baba, "Mwangaluka, mzee," lakini hakuna aliyemwita tena kusuluhisha jambo, na mikutanoni alianza kukaa nyuma, karibu na mlango. Mimi nilirudi kumwamkia. Msamaha hatukuombana, wala yeye wala mimi.

Miaka ilipita. Jioni moja nilikuwa nimemwekea maji ya kuoga, naye ameketi uani na taulo begani. Ghafla akasema, "Ningekwenda siku ile ya kwanza uliponiambia..."

Nilingoja amalize. Hakumaliza.

"Maji yanapoa, baba," nikamwambia. Akainuka taratibu, akaenda kuoga.