Sahani Iliyofunga Mlango wa Wikio

Sisi tuliokulia Lamu miaka ile, kabla televisheni haijatufundisha kukaa kimya sebuleni, tulikuwa na makumbusho ndani ya nyumba zetu. Hatukuyaita hivyo. Tuliyaita zidaka, kimoja kidaka: vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, kwenye ukuta wa chumba cha ndani kabisa. Wazee wa wazee wetu walivijaza vyombo vya Kichina. Kwetu, nilipopata akili, zidaka karibu vyote vilikuwa vitupu, kwa kuwa vyombo vilikwisha kuvunjika au kwenda na maharusi. Kimoja tu, cha katikati, kilikuwa na sahani.

Ilikuwa sahani kubwa nyeupe yenye michoro ya buluu: maua mazito pembezoni, na katikati ndege mwenye mkia mrefu, shingo kaigeuza nyuma kama aliyeitwa jina. Hakuna aliyejua umri wake. Bibi, mama yake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alisema aliikuta, na mama yake naye aliikuta. Aliifuta vumbi mwenyewe, na alikuwa na neno moja kwangu: "Hii yaangaliwa kwa mato, si kwa mikono." Mato ndiyo macho, kwa Kiamu chetu. Watoto wa leo huipiga picha sahani ya chakula kabla hawajaonja. Sisi tulikuwa na sahani isiyowekwa chakula, na tuliiogopa kuliko mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani.

Siku zetu zilianza na moshi wa mkaa na harufu ya mkate wa mofa. Asubuhi skuli, alasiri chuoni, na katikati ya hapo tulikuwa na kama saa moja ambayo haikuwa ya mtu. Saa hiyo ndiyo tuliyoishi. Tulicheza gololi kwenye vichochoro vyembamba, punda akipita tunabandikana ukutani. Mwenye punda akitutukana tulimwitikia kwa heshima, maana jioni angekutana na mjomba wangu msikitini na kumweleza kila kitu. Wajukuu zangu hucheza mpira kwa vidole gumba, wamelala chali, na wakifungwa wanalaumu betri.

Nyumba yetu ilikuwa na wikio. Kwa asiyejua, wikio ni chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ghorofa kwa ghorofa, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Upande wa pili wa wikio letu aliishi Bi Somoe, rafiki wa bibi tangu wote wawili wakiwa wanawali. Hawakuwa na haja ya buibui wala ya salamu ndefu. Ukisikia makofi mawili juu ya mlango wa wikio, ujue kaimati za shira zinakuja.

"Bi Mwana, onja. Nimekosea shira leo," Bi Somoe angesema akiingia na bakuli.

"Hukukosea, Somoe. Wataka nikusifu tu."

"Basi nisifu, niende zangu."

Na wangecheka mpaka bibi apaliwe.

Sasa, wenzangu wa pwani mnaijua itikadi ile. Ile sahani haikuwa pambo tu, ilikuwa mlinzi. Mgeni akiingia na jicho la husuda, sahani hulimeza jicho lile badala ya watu, na ikipasuka ujue imefanya kazi yake. Ndiyo maana anayesifu kitu cha mtu hutanguliza mashallah. Asiyesema, na sahani ikapasuka, basi amejitaja.

Masika moja, nikiwa na miaka tisa au kumi, mvua ilitufungia ndani na bibi akawa amekwenda harusini mtaa wa pili. Hapo nikafungua maonyesho yangu ya kwanza. Niliishusha sahani, nikaiegemeza kwenye mto juu ya kitanda cha bibi, nikasimama mlangoni kutoza kiingilio: gololi moja kwa kila mtu. Walikuja watoto watano. Zuhura, binti ya Bi Somoe, alitoa mbili kwa sababu alitaka kutazama mara mbili.

"Mbona huyu ndege kakonda?" akauliza. "Huko kwao hakuna mtama?"

"Ukimcheka, nje," nikamwambia. Nilikuwa mkali kuliko bibi.

Walipoondoka nilipanda juu ya kibao kuirudisha. Ikagonga ukingo wa kidaka. Haikuanguka, wala sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kidogo tu, kama kijiti kimevunjika, na nikajikuta nina nusu mbili, moja kila mkono. Nilizibananisha, nikaziegemeza ndani ya kidaka, nikarudi nyuma hatua tatu. Ndege alikuwa mzima. Nikashuka kwenda kuhesabu gololi zangu.

Kesho yake yakaja makofi mawili. Bi Somoe aliingia na bakuli lake, akatupa jicho ukutani, akasema, "Mashallah, Bi Mwana, ndege wako leo kama ataka kuruka." Nilikuwa nimeketi mkekani, hatua mbili kutoka aliposimama; bibi alikuwa chumba cha nje, mvua ikimfikishia nusu tu ya maneno. Alipokwisha kwenda, bibi akachukua kitambaa chake, akainua sahani, na nusu moja ikabaki kidakani.

Hakupiga kelele. Aliketi kitandani, nusu ile mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Somoe." Kisha akaniangalia. "Wewe ulikuwapo. Alimtaja Mungu?"

Nina zaidi ya miaka sabini sasa, na bado ninaweza kukuonyesha mahali nilipokaa kwenye mkeka ule.

"Sikumsikia, Bibi," nikasema.

Siku hiyo hiyo bibi alitia komeo mlango wa wikio, na mjomba akasukuma kasha la nguo mbele yake. Bi Somoe alibisha kwa wiki kadhaa, kisha akaacha. Bibi alifariki nikiwa kidato cha nne. Bi Somoe alikuja matangani kwa mlango wa chini, kama mgeni, akiwa kavaa buibui.

Mimi niliondoka. Mombasa kwanza, kisha meli, na mwishowe Stockholm, ambako nilisafisha sakafu za uwanja wa ndege mpaka magoti yakakataa. Nina nyumba ya kupanga katika kitongoji cha Hallonbergen, binti mmoja, na wajukuu, mkubwa wao akiitwa Salma. Alipokuwa mdogo nilimsimulia sahani ya bibi, na niliisimulia kama bibi alivyoiamini: jirani mwenye husuda, jicho, sahani ikapasuka. Salma aliipenda. Alinijibu kwa Kiswidi kama watoto wote wa hapa, lakini maneno mawili aliyashika kwa Kiswahili: kidaka na kijicho. Nilijiambia ni hadithi ya mtoto tu, na kwamba Bi Somoe alishakufa, haimdhuru kitu.

Salma akasoma historia ya sanaa chuo kikuu. Kiangazi hiki alipata kazi ya kuongoza wageni katika kasri la Kichina la Drottningholm. Kama hamjafika, nendeni. Ukishuka treni kituo cha Brommaplan unapanda basi, kisha unatembea chini ya miti mirefu hadi unapolikuta, jekundu lenye nakshi za dhahabu. Wanasema mfalme mmoja wa zamani alimpa malkia wake kwa siku ya kuzaliwa. Ndani mna kuta za hariri, makabati ya vanishi nyeusi ing'aayo, na vyombo, vyombo, vyombo. Nilivaa kofia yangu iliyoshonwa kwa mkono, ile ninayoivaa Idi, nikajichanganya na wageni bila kumwambia kuwa nimekuja.

Salma alisimama mbele ya kabati la kioo. Yule msichana niliyemfunga kamba za viatu alikuwa akisema, kwa Kiswidi safi, watu kama ishirini wakimsikiliza, kwamba vyombo vya namna hii vilifika pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla kasri hili halijajengwa. Kwamba watu wa huko waliviingiza kwenye kuta za nyumba zao na misikiti yao. "Na mojawapo ya nyumba hizo," akasema, "ni ya ukoo wangu." Jamani! Malkia wa hapa alihitaji jumba zima, bibi yangu kidaka kimoja kilimtosha, na leo wametajwa pamoja katika chumba kimoja. Nilitaka kumshika mkono mzee aliyesimama kando yangu nimwambie, yule ni wangu.

Kisha akaendelea. Akaeleza sahani ya mlinzi. Akaeleza jicho. "Yetu ilipasuliwa na jirani aliyetuonea wivu," akasema. "Aliitwa Somoe."

"Basi tufumbe macho!" mzee yule akasema, na watu wakacheka.

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi. Salma alikuwa ameniona. Alipomaliza alinifuata na vikombe viwili vya kahawa.

"Morfar, unaumwa?" akauliza kwa Kiswidi. Ndivyo anavyoniita, babu mzaa mama.

"Siumwi. Kaa."

Nikamweleza. Maonyesho ya gololi, ukingo wa kidaka, swali la bibi, jibu langu. Sikuongeza kwamba nilikuwa mtoto. Alilifahamu hilo mwenyewe, na halikunisaidia.

Alikiweka kikombe chake chini. "Kwa hiyo nimemsingizia mtu kila siku tangu Juni."

"Si wewe. Ni mimi, kwa kinywa chako."

"Ana watoto?"

"Binti mmoja. Zuhura. Bado anakaa nyumba ile ile."

"Una namba yake?"

"Tunatumiana salamu za Idi."

"Mpigie."

"Nitampigia kesho, nikiwa nyumbani, nimetulia."

"Babu," akasema. Kwa Kiswahili.

Nilipiga pale pale, bata wa mfalme wakinitazama.

"Athmani wa Swideni!" Zuhura akaitika. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mbona wapiga simu mchana mweupe kama mwenye habari mbaya?"

Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kama somo la chuoni. Nikamwambia mama yake alisema mashallah na mimi nilimsikia.

"Nirudishie gololi zangu mbili," akasema.

"Zuhura, mimi nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Nilikwenda kuitazama sahani nzima, kesho yake naambiwa imepasuliwa na jicho la mama yangu. Wanidhani mjinga? Nilimwambia mama siku ile ile mliyoweka komeo."

Nilishikilia ukingo wa benchi. "Alijua?"

"Alijua. Akaniambia ninyamaze. Akasema, 'Mtoto wa watu atapigwa, na sahani haitarudi. Bi Mwana atakasirika wiki mbili, kisha atabisha mwenyewe.' Basi akawa angoja."

"Mpaka lini?"

"Bibi yako kafa, yeye bado angoja. Pepo zikivuma, mlango ule ukigonga, alikuwa akiinua kichwa."

Zuhura akaendelea, kwa upole, kwamba alinikasirikia miaka mingi, na kwamba hasira ile imechakaa sasa, lakini alihitaji kulisikia neno hili kutoka kwangu. Akaniomba kitu kimoja: niwaambie watu. Si yeye. Watu.

Ndiyo maana ninaandika. Bi Somoe hakuwa na jicho baya. Alisema mashallah. Alimsitiri mtoto wa jirani kwa gharama ya rafiki yake wa pekee, na mtoto yule alikuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kasrini. Salma alifika mbele ya lile kabati, akaeleza sahani na mlinzi, kisha akasema, "Wazee waliamini ilipasuliwa na jicho. Ukweli ni kwamba ilivunjwa na babu yangu, yule pale mwenye kofia." Watu wakageuka. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Akawaeleza habari za Bi Somoe, na safari hii hakuna aliyecheka. Nimewahi kuona fahari ya namna nyingi, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kutajwa kwa kosa lake mbele ya wageni na bado akasimama wima, kwa sababu ya aliyemtaja na namna alivyomtaja.

Enzi zetu hatukuwa na kabati la kioo wala king'ora. Kitu cha thamani kililindwa kwa neno la bibi na kwa siri ya jirani, na vyote viwili vilikuwa vigumu kuliko kioo. Siku hizi vyombo vimehifadhiwa vizuri sana. Hapa Hallonbergen nimetenganishwa na jirani yangu kwa ukuta mmoja, miaka kumi na moja sasa, na jina lake ninalijua kwa kuwa limeandikwa mlangoni.

Nilimpigia binamu yangu, anayekaa nyumba ya bibi, nikamwomba asogeze kasha la nguo. Alilalamika kuhusu mgongo wake na kuhusu wazee wa Ulaya wanaotoa amri kwa simu. Lakini alilisogeza. Komeo lilikuwa limeshikana kwa kutu, akalivunja kwa nyundo.

Juzi Zuhura alinitumia ujumbe wa sauti. Ni mfupi, wa sekunde chache tu, na nimemsikilizisha kila aliyeingia nyumbani kwangu. Makofi mawili juu ya mbao. Kisha sauti yake: "Kaimati, jamani. Fungueni."