Sahani za Baba Chini ya Kihenge

Kama ulikulia Mafinga miaka yetu, huhitaji kuelezwa habari ya baridi. Asubuhi ulikuwa ukitoa "shikamoo" inaganda hewani, mkubwa anaiokota, anaenda kuiyeyusha jikoni, ndipo anaitikia. Vijana wa leo wakivaa masweta mawili wanajirusha mtandaoni eti wanateseka. Wanateseka na nini?

Kwetu joto lilikuwa la aina mbili: jiko la maranda ya paini, na radiogramu ya Baba. Baba aliendesha lori la magogo. Radiogramu hiyo, kubwa kama jeneza la mtu mnene, aliachiwa na fundi mitambo mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na kasha zima la santuri.

Na hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia. Santuri za dansi, ambazo Baba alizinunua mwenyewe, ziliazimwa na mtaa mzima. Harusi, zinaazimwa. Kipaimara, zinaazimwa. Zikirudi zina mikwaruzo kama zimeparuliwa na kuku, na nyingine hazikurudi kabisa. Leo kila anayejiita mkusanyaji anazitafuta hizo hizo, wanasukumana kama wanagombea mbolea ya ruzuku. Za Mzungu hakuna aliyeziazima hata siku moja, ndiyo maana zilibaki safi. Kila siku nawaambia watu watafute za namna hiyo. Nani anasikiliza?

Kulikuwa na zile za magita matupu, za vijana wa ughaibuni wanaosimama juu ya ubao na kuteleza kwenye mawimbi ya bahari. Gita linatetemeka kama bati lililolegea kwenye upepo. Sisi, ambao maji mengi tuliyowahi kuyaona ni bwawa la kiwanda cha mbao, tulipanda kwenye benchi la jikoni tukayumba nalo mpaka dada yangu Vumilia akang'oka jino. Halafu zile laini, mwanamume analalamika taratibu, kinanda kinamsindikiza. Mama, Mlutheri wa kutoka moyoni, aliamini ni nyimbo za ibada, akatukataza kutafuna kitu zikiimbwa. Nilipomaliza kidato cha nne cha shule ya jioni, nina ndevu na watoto wawili, ndipo nikaweza kusoma Kiingereza cha majalada. Kumbe miaka yote tulikuwa tunainamisha vichwa kwa ajili ya msichana aliyemkimbia mtu!

Lakini mfalme wa kasha lile ilikuwa santuri yenye picha ya gari jekundu, boneti limeng'olewa, injini iko nje kama utumbo. Wimbo wa kwanza ulianza na injini yenyewe: inawashwa, inanguruma, inaondoka. Baada ya hapo ndipo wanaimba. Baba hakuwa na haja na kuimba kwao. Injini ikilia ananyanyua kidole, nyumba nzima kimya.

"Taimingi imepishana," anasema.

Jumapili inayofuata: "Plagi ya tatu hiyo. Sikilizeni."

Siku nyingine alisimama kabisa: "Mwambieni huyu bwana, mlima Kitonga hapandi!"

Santuri ni ile ile, injini ni ile ile, ugonjwa mpya kila wiki. Tulicheka mpaka mbavu zikaomba likizo. Yeye hakucheka. Alirudisha sindano mwanzo, asikilize vizuri.

Baba amepumzika sasa, na sauti yake sina popote. Zamani zile nani alimrekodi baba yake? Nilichobakiwa nacho ni ile injini. Nilijua siku nitakayoisikia tena, na yeye ataongea.

Kwa hiyo mwaka huu, baada ya kujinunulia mashine ya santuri huku Mbeya, nilipanda basi hadi Mafinga kwa Dada Vumilia, aliyebaki na nyumba.

"Kamwene, dada. Nimefuata kasha la Baba."

Akalileta. Nikafungua jalada la kwanza, tupu. La pili, tupu. La gari jekundu lilikuwepo, jina limeliwa na mende, ndani hamna kitu.

"Dada, sahani ziko wapi?"

"Ziko kazini," akasema, akanionyesha kihenge cha mahindi nyuma ya nyumba.

Wenzangu, kihenge cha miguu sita, na juu ya kila mguu imegongomelewa santuri! Panya akipanda nguzo anakutana na dari jeusi linaloteleza, anarudi alikotoka. Msumari umepita katikati.

"Tundu lilikuwepo tayari," Dada akasema, kama anakisifia kiwanda. "Nyingine nimewagawia majirani."

Yaani santuri ambazo mtaa mzima ulizikataa kwa harusi, sasa mtaa mzima umeziomba kwa panya!

"Dada Vumilia, hii ni mali!"

"Mali ni mahindi, mdogo wangu. Ulipokuwa Mbeya unasoma jioni, panya walinimalizia magunia manne. Wanangu walikula viazi mpaka wakafanana navyo. Ulinitumia nini? Daftari?"

Binti yake, Neema, akadakia bila kuinua macho kwenye simu: "Anko, si uutafute tu mtandaoni? Unaitwaje?"

Unaitwaje! Jina la jaladani sikulishika; sisi tuliuita Injini, basi. Akanichezea nyimbo za magari zisizo na idadi. Wetu haukuwemo.

Nikatambaa chini ya kihenge mpaka nikaiona kwenye mguu wa nyuma, karatasi yake ya katikati nyekundu kama lile gari, maandishi yameshafutika. Dada akaweka sharti: nitoe mahindi yote, nigongomelee bati mahali pake, niyarudishe yote. Nilibeba debe baada ya debe kutwa nzima, mgongo wangu haujanisamehe hadi leo.

Ila wimbo wa kwanza hukaa ukingoni mwa santuri, na ukingo ndio uliochomoza nje kwenye jua na mvua. Umejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni, na panya wameutafuna kwa uchungu wa kunyimwa mahindi. Nilipoiweka kwenye mashine huku Mbeya, sindano iliruka, ikatua wimbo wa pili. Wanaimba kwa furaha. Gari limeshaondoka.

Zamani wimbo mmoja ulitosha nyumba nzima, na baba akabishana nao wiki hadi wiki. Juzi pale kwa Dada, vijana wanne benchi moja, kila mmoja na kidude chake sikioni, anatikisa kichwa peke yake. Ukimuuliza anasikiliza nini: "Kawaida tu, anko." Miaka arobaini ijayo watamkumbuka nani kwa hiyo kawaida?

Nyie wa rika langu, acheni kugombania dansi. Rudini nyumbani mkachungulie chini ya vihenge vya dada zenu. Mkiikuta yenye gari jekundu, ukingo mzima, siitaki iwe yangu. Niruhusuni niisikilize hadi pale wanapoanza kuimba, kisha muichukue.